Kamusi Inayopungua: Utungaji wa Nineteen Eighty-Four

Miongoni mwa riwaya za karne ya 20 zinazoeleza nchi ya kubuni ambayo hakuna mwenye akili timamu angetamani kuwa raia wake, ni chache zilizosomwa kwa upana kama Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, iliyotolewa London tarehe 8 Juni 1949. Wataalamu huziita hadithi za aina hii distopia. Aghalabu kitabu hiki husifiwa kwa utabiri, kana kwamba mtungaji alipanda mlimani akaona yatakayotokea baada ya miaka 35. Lakini mtu akichunguza jinsi kilivyotungwa, ataona kwamba karibu kila kilichomo kilikuwapo duniani kabla ya 1948. Kazi kubwa ya mtungaji ilikuwa kupunguza. Aliutwaa mji alioujua, akaondoa chakula kidogo, akaondoa faragha, akaondoa kumbukumbu, na mwisho akaondoa maneno. Kilichobaki kilitisha kwa sababu msomaji wake alikuwa bado akiishi ndani ya nusu yake.

Mtu huyo kwa jina la kuzaliwa aliitwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa Motihari, Bara Hindi, tarehe 25 Juni 1903, akasomeshwa Uingereza, kisha akatumika kama ofisa wa polisi Burma tangu 1922 mpaka 1927. Maisha yake yameandikwa mara nyingi na hapana haja ya kuyarudia hapa. Yatosha kukumbuka kwamba aliujua utawala kwa upande wa mwenye rungu kabla ya kuujua kwa upande wa mwenye kupigwa. Yamkini ndiyo maana O'Brien, mtesaji katika riwaya, husema kama mtu halisi: ana subira, ana elimu, na humtazama mfungwa wake kwa namna inayokaribia mapenzi. Mwandishi asiyepata kushika rungu angemfanya jini.

Mbegu ya kitabu yapasa itafutwe Hispania. Orwell alifika huko mwishoni mwa 1936, akajiunga na wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha Kimarx kilichompinga Stalin. Mei 1937 alikuwa Barcelona wakati makundi yaliyokuwa upande mmoja wa vita yalipogeukiana na kupigana barabarani. Alikaa siku kadhaa juu ya paa la jengo la sinema akiilinda ofisi ya chama. Siku hizo zilipokwisha akasoma magazeti, na humo akakuta mapigano makubwa mahali ambapo hapakupiganwa, na kimya kitupu mahali ambapo watu walikufa kwa mamia. Watu aliokuwa pamoja nao katika mahandaki walielezwa kuwa vibaraka wa adui. Tarehe 20 Mei risasi ilimpita shingoni, akapona. Mwezi uliofuata chama kilipigwa marufuku, naye na mkewe Eileen wakaponyoka hadi Ufaransa. Hati iliyoandikwa Valencia tarehe 13 Julai 1937, ambayo ilikuja kuonekana miaka mingi baada ya kufa kwake, yawashtaki wote wawili kuwa wafuasi wakali wa Trotsky. Laiti wangechelewa wiki chache, pengine riwaya hii isingekuwapo.

Wasomaji wengi hudhani kwamba jambo lililomtisha Orwell kupita yote ni mateso. Hispania yaonyesha jambo jingine. Kuuawa kwa watu alikwisha kukuona Burma na vitani; jambo lililokuwa jipya kwake ni kwamba tukio laweza kufutwa lisiwe limetokea kamwe, wakati walioliona bado wako hai. Hiyo ndiyo kazi anayopewa Winston Smith, mtu mkuu wa riwaya, katika Wizara ya Ukweli: kuyarekebisha magazeti ya zamani ili ya jana yaafikiane na yanayosemwa leo. Mara moja tu katika maisha yake Winston alipata kushika mkononi kipande cha gazeti kilichothibitisha kwamba watu watatu walikiri makosa wasiyoyatenda. Alikishika kwa dakika chache, kisha akakitupa motoni kwa hofu. Hapana tukio jingine katika kitabu lililo dogo kiasi hicho na lenye uzito kiasi hicho.

Wizara yenyewe haikutoka Urusi. Tangu Agosti 1941 mpaka Novemba 1943 Orwell alikuwa mtumishi wa BBC katika Idhaa ya Mashariki, akitayarisha mazungumzo kwa wasikilizaji wa Bara Hindi. Kila ukurasa ulipita kwa mkaguzi kabla ya kusomwa hewani. Eileen naye mwanzoni mwa vita alifanya kazi katika idara ya ukaguzi, kisha akahamia Wizara ya Chakula. Wakati huo Wizara ya Habari ilikuwa imewekwa katika Senate House, jengo refu jeupe la Chuo Kikuu cha London, nalo linaonekana wazi katika jengo la Wizara ya Ukweli, ila mtungaji amelirefusha mpaka mita 300. Mkahawa wa watumishi chini ya ardhi, harufu ya kabichi iliyochemshwa, lifti isiyofanya kazi, nyembe zisizopatikana madukani, mabomu ya roketi yaangukayo mchana: kila Mlondoni wa miaka hiyo alivijua. Nyumba ya Orwell mwenyewe ilibomolewa na bomu Juni 1944, akafukua vitabu vyake kutoka katika kifusi pamoja na mswada wa Animal Farm. Tena, mkate uligawiwa kwa vipimo Uingereza tangu Julai 1946 mpaka Julai 1948, yaani karibu muda wote ambao riwaya ilikuwa ikiandikwa. Msomaji wa kwanza hakuhitaji kuielewa nchi ngeni. Alihitaji tu kufikiri kwamba vita havikwisha.

Hapa ndipo ufundi wa Orwell unapoachana na ule wa mtu aliyemtangulia, Yevgeny Zamyatin. Zamyatin alikuwa Mrusi, mhandisi wa merikebu, aliyewahi kufanya kazi Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akisimamia uundaji wa meli za kuvunja barafu. Mwaka 1920 na 1921 aliandika riwaya iitwayo Sisi, kuhusu dola ambayo raia wake wana nambari badala ya majina na hukaa katika nyumba za vioo ili waonekane saa zote. Riwaya hiyo ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, na katika nchi yake haikuchapwa mpaka 1988. Mwenyewe alikufa Paris mwaka 1937. Orwell alipata habari zake mapema mwaka 1944, akasoma tafsiri ya Kifaransa, na Januari 1946 akaandika uhakiki wake katika gazeti la Tribune. Deni ni kubwa na hakulificha: kuna shajara ya raia wa kawaida, kuna mwanamke anayemvuta katika uasi, kuna mtawala asiye na mshindani, na mwisho kuna kushindwa. Lakini mji wa Zamyatin ni safi kama hesabu. Orwell aliutia vumbi. Alimpa mtu wake kidonda cha mguu, ngazi za kupanda na pombe ya gini inayochoma koo, na kwa mambo hayo ya chini akaifanya hofu iingie nyumbani.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano wa njia ya tatu. Mwaka 1951, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Orwell, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa sababu amefundisha elimu ya sheria. Hapana haja ya kutafuta uhusiano baina ya vitabu hivi viwili. Ila ni jambo la kuangaliwa kwamba mmoja aliandikwa na mtu aliyekuwa ofisa wa dola ya Kiingereza na mwingine na karani aliyeitumikia dola hiyohiyo Tanganyika, na kila mmoja alichagua umbali uliomfaa. Karani aliyeishi chini ya mkoloni aliipandisha nchi yake mawinguni na kuwapa watu wake majina ya tabia, kama Majivuno na Karama, ili mkaguzi asipate pa kushika. Mwingereza, aliyeweza kuitaja London bila kukamatwa, aliiacha London mahali pake. Tofauti ya ufundi hapa ni tofauti ya usalama. Tena Karama anashinda kesi, na Winston anashindwa. Mtungaji aliyekuwa na matumaini madogo zaidi ndiye aliyekuwa na uhuru mkubwa zaidi.

Orwell alieleza kwamba wazo lilimjia mwaka 1943, wakati wakuu wa mataifa makubwa walipokutana Teheran na ilipoonekana kwamba dunia itagawanywa katika maeneo ya utawala. Daftari lake la siku hizo lina mpango wa riwaya wenye jina la Mtu wa Mwisho wa Ulaya, na ndani yake yamo tayari mambo mawili yatakayobaki mpaka mwisho: lugha mpya ya Chama, iitwayo Newspeak, na uongo uliopangwa kwa utaratibu. Kwa hiyo hadithi ilifuata fikira, wala fikira haikuzaliwa na hadithi. Udhaifu wa kitabu huenda unatokana na hapo. Julia, mpenzi wa Winston, amechorwa kwa mistari michache mno, kana kwamba mtungaji alimhitaji kwa ajili ya hoja zaidi kuliko kwa ajili yake mwenyewe.

Kisha ikawa kazi ya kuandika. Eileen alifariki Machi 1945 akiwa katika matibabu ya upasuaji, akamwacha mumewe na mtoto wa kulea aliyezaliwa Mei 1944. Animal Farm ilitoka Agosti mwaka uleule, ikamletea sifa, na pamoja na sifa maombi ya makala yasiyokwisha. Ili kuyakimbia, mwaka 1946 Orwell alihamia Barnhill, nyumba ya upweke kaskazini mwa kisiwa cha Jura, Uskoti, isiyo na umeme wala simu, maili 25 kutoka dukani. Alianza riwaya Agosti mwaka huo, akaenda polepole sana, akarudi London kupitisha majira ya baridi, kisha Aprili 1947 akaishika tena. Agosti mwaka huo nusura afe maji na mtoto wake karibu na kisiwa, mashua yao iliposhikwa na mikondo ya Corryvreckan na kupinduka. Wavuvi wa kamba waliwaokoa juu ya mwamba. Mwishoni mwa mwaka rasimu ya kwanza ilikuwa tayari na mtungaji alikuwa kitandani na kifua kikuu.

Sehemu ya mswada imesalia, kiasi cha chini ya nusu, na yeyote anayefundisha utungaji angefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi wake ukurasa wa kwanza. Katika andiko la awali hadithi inaanza kwa redio milioni moja zikilia saa isiyo ya kawaida. Redio milioni moja ni jambo la ajabu, na msomaji angejua mara moja kwamba yuko katika nchi ya hadithi. Orwell alizifuta. Badala yake aliweka saa za kawaida, zile zilizoko katika kila mnara wa Uingereza, na kuziacha zigonge mara 13. Ajabu ni moja tu, nayo imefichwa ndani ya jambo la kila siku. Mswada mzima umesahihishwa kwa roho hiyo: pambo linaondoka, kitu kinabaki.

Mwaka nao ulibadilika. Katika mswada kwanza palikuwa na 1980, kisha 1982, kisha 1984. Wengi wamependa kueleza kwamba tarakimu za 1948 zilipinduliwa tu, na yawezekana mtungaji alifurahishwa na mchezo huo. Lakini mswada unaonyesha jambo jingine. Winston ana umri wa miaka 39, na hukisia kwamba alizaliwa 1944 au 1945. Kila uandishi ulipochelewa kwa ajili ya ugonjwa, hadithi ilisogezwa mbele. Mtu anayevunjwa katika Chumba 101 ni wa rika la yule mtoto aliyekuwa akikimbia uwanjani Barnhill wakati baba yake akipiga taipu ghorofani.

Desemba 1947 Orwell alilazwa katika hospitali ya Hairmyres, karibu na Glasgow. Dawa ya streptomaisini ilikuwa mpya na haikupatikana kwa urahisi Uingereza. Rafiki zake waliiagiza kutoka Marekani. Ilimpunguzia ugonjwa, lakini ilimchubua ngozi, ikamtia vidonda mdomoni na kumwangusha nywele, ikabidi iachwe. Wako wanaosema kwamba mwili wa Winston katika sehemu ya tatu ya riwaya, ule anaooneshwa kiooni baada ya mateso, ni mwili wa mgonjwa wa Hairmyres. Hoja hiyo ni nzuri, ila ichukuliwe kwa kiasi, maana mpango wa kushindwa kwa Winston ulikuwapo kabla ya dawa.

Julai 1948 alirudi Jura, na kufikia Novemba rasimu ya pili ilikwisha. Kurasa zilikuwa zimekatwakatwa na kuandikwa juu kwa juu hata hapakuwa na mtu mwingine awezaye kuzisoma. Alitafutiwa mpiga taipu wa kuja kisiwani, hakupatikana. Basi mgonjwa mwenyewe akaketi kitandani, mashine mapajani, akapiga kitabu chote, maneno kama laki moja, pamoja na nakala zake, akamaliza mapema Desemba. Januari 1949 alikuwa katika hospitali ya kifua kikuu Cranham. Mwenyewe hakuridhika na kazi. Alimwandikia mchapishaji wake, Fredric Warburg, kwamba wazo lilikuwa jema lakini utekelezaji ungekuwa bora kama asingekuwa mgonjwa.

Katika yote aliyoyapunguza, lililomshughulisha zaidi ni neno. Orwell aliwahi kupendezwa na Basic English, Kiingereza cha maneno 850 kilichotungwa na C. K. Ogden na kutangazwa 1930, hata akaandikiana barua na Ogden alipokuwa BBC. Baadaye alikuja kuuona ule upande mwingine: lugha iliyopunguzwa ili mgeni aielewe yaweza kupunguzwa ili mwenyeji asiweze kufikiri. Katika riwaya, Syme, mtaalamu wa lugha, yumo katika kazi ya toleo la 11 la kamusi ya Newspeak, naye anajivuna kwamba kila toleo ni jembamba kuliko lililotangulia. Neno la uhuru limebaki kwa kusema tu kwamba mbwa hana chawa au shamba halina magugu. Syme ana akili, anaipenda kazi yake, na siku moja hayupo tena, na jina lake limeondolewa katika orodha ubaoni.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuisoma sura hiyo bila kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo kamusi za lugha yake zilikuwa zikinenepa. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa 1930, na kamusi zake sanifu zikatoka 1939. Kazi ile nayo ilikuwa na kukata ndani yake, maana usanifu uliokita katika Kiunguja uliacha nje maneno mengi ya Mombasa na Lamu, na wenyeji wake walilalamika kwa haki. Lakini waliokata hawakudai kwamba fikira zenyewe zikatwe.

Mtu atakayekitafsiri kitabu hiki atakutana na taabu ya namna ya pekee. Newspeak humchukiza Mwingereza kwa sababu huunda kila neno kwa kuongeza kiambishi juu ya mzizi mmoja, bila kutofautiana, na sikio la Kiingereza huona jambo hilo kuwa la mashine. Kwa Kiswahili ndiyo tabia njema ya lugha. Kutoka pend- mtu hupata penda, pendana, pendeza, pendekeza, mpenzi, upendo, mapenzi, na hakuna anayeogopa. Mtafsiri akifuata viambishi atapata kichekesho kisichouma. Itambidi atishe kwa njia nyingine, kwa kung'oa mzizi, ili ukoo wote wa maneno ufe siku moja. Fortunatus Kawegere, aliyetafsiri Animal Farm kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967, hakukutana na taabu hiyo. Wanyama wake wanaharibiwa lugha kwa amri zinazobadilishwa ukutani usiku, na hilo lasemeka katika lugha yoyote.

Mwisho wa kitabu Orwell aliweka kiambatisho kuhusu Newspeak, kilichoandikwa kama makala ya chuo kikuu, kwa Kiingereza cha kawaida na kwa wakati uliopita. Hapo ndipo palipozuka shauri la Machi 1949. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani, Book-of-the-Month Club, ilikuwa tayari kukichagua kitabu, kwa sharti kwamba kiambatisho kiondolewe pamoja na sura ndefu zinazotoa maandishi ya Goldstein, adui wa Chama. Jumla ilikuwa kama sehemu moja ya tano au ya nne ya kitabu. Kukataa kulikadiriwa kuwa hasara ya paundi 40,000 hivi, fedha ambayo wakati huo ingeweza kumlea mtoto mpaka utu uzima na kubaki. Orwell alikuwa kitandani Cranham, na hakuwa na hakika ya kuuona mwaka mwingine.

Alikataa. Hoja yake ilikuwa ya fundi: kitabu ni kitu kilichojengwa kwa mizani, na huwezi kuondoa vipande vikubwa mahali hapa na pale bila kuandika upya. Kwa kweli maandishi ya Goldstein ni mazito, na wasomaji wengi huyaruka. Kama hadithi, klabu ilikuwa na neno la kusema. Lakini kiambatisho ni jambo jingine. Kinasema kwamba Newspeak ilikuwa, kwamba ilikusudiwa kuenea kabisa kufikia 2050, kwamba kazi ya kutafsiri vitabu vya zamani ilikuwa ngumu. Nani anayesema hivyo, na ni lini, na kwa nini anayo lugha nzima ya kusemea? Mtungaji hakujibu. Wanaoona humo dalili kwamba Chama kilianguka wana hoja, na wanaosema ni desturi tu ya makala za kitaalamu wana hoja pia. Bila kurasa hizo swali lenyewe lisingekuwapo, na kitabu kingemalizikia kwa Winston aliyevunjika na hapana mtu mwingine yeyote. Mtu aliyetumia miaka mitatu akifuta maneno yake alijua ni yapi yasiyofutika.

Klabu ilikubali kitabu kama kilivyo, habari zikamfikia Aprili. Riwaya ilitoka Juni. Oktoba 13, 1949, Orwell alimwoa Sonia Brownell akiwa kitandani katika hospitali ya University College, London, na tarehe 21 Januari 1950 akafariki humo, mwenye umri wa miaka 46. Mwaka 1952 mjane wake aliutoa mswada uuzwe kwa ajili ya hisani, nao ukapata paundi 50. Uliobaki wake uko katika chuo kikuu cha Brown, Marekani, na picha za kurasa zake zilichapwa mwaka 1984, zikiwa zimetayarishwa na Peter Davison, pamoja na zile redio milioni moja zilizopigwa mstari.